Firimbi ya Pili

Juzi, nikiwa na binti yangu karibu na biro ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa wetu, polisi alipuliza firimbi ya kushusha bendera, na watu wote barabarani wakasimama kama ilivyo desturi yetu. Harufu ya mvua ilikuwa inatoka ziwani. Nikakumbuka mkono wa Papa, baba yangu.

Nilikuwa mdogo, na Papa alikuwa amenishika mkono firimbi ilipolia. Chini yetu, ufukweni, Mama alikuwa ameanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kwenye mchanga, kazi yake ya juma zima. Radi ikanguruma.

"Papa Neema, mvua! Kuja unisaidie!" Mama aliita, huku akikimbia kuzizoa.

Papa alibaki amesimama wima. Nilimvuta, kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Niliamini kwamba firimbi ile hugeuza miguu kuwa miti, na kwamba Mama alinusurika kwa sababu alikuwa peku. Sikujua bado kwamba Papa alilelewa misheni kule Moba, ambako kengele ikilia mtoto aliacha kutafuna hata tonge lililokuwa mdomoni. Mama, binti wa wavuvi, alikuwa amefundishwa kutii ziwa tu.

Firimbi ya pili ilipowaruhusu watu kutembea, Papa alikimbia mpaka akaacha kandambili njiani. Ndagala zilikuwa zimeshakuwa uji.

"Miguu ilikataa," alisema. Mama hakumtazama.

Juzi pia matone yalianza kuanguka. Binti yangu akanivuta.

"Mama, twende, tunalowa!"

Nikaubana mkono wake mpaka akalia. Polisi alikunja bendera, akakimbilia ndani, akasahau firimbi ya pili. Watu wakatawanyika. Mimi nikabaki nimesimama, nikiingoja.