Maji ya Chemchemi Ndani ya Injini

Harufu ya petroli iliyochanganyika na tope la mto ndiyo inayonirudisha mwaka ule Warundi walipovuka kuja kwetu Ngara. Nilikuwa darasa la tano, binti asiyesema mpaka aulizwe. Baba mdogo Feliksi alikuwa na pikipiki ndefu ya kupandia milima, aliyoitumia kupeleka chanjo vijijini. Asubuhi moja, akivuka mto Ruvubu kwa mtumbwi, pikipiki iliteleza ikazama. Wanaume wanne waliivuta kwa kamba, wakaisukuma hadi kwetu Bugarama, kisha wakanawa mikono kwa muda mrefu. Siku hizo mto ulikuwa ukishusha maiti kutoka ng'ambo, na hakuna aliyekula samaki wake tena. Mama alikuwa ametuwekea sharti moja: chochote kilichogusa maji yale kioshwe mara tatu kwa maji ya chemchemi kabla ya kuingia uani. Hakueleza sababu, nasi hatukuuliza. Pikipiki ikabaki nje, kwenye migomba.

Wote tuliitegemea. Jana yake mtu mmoja aliyetoka ng'ambo alituambia amemwona Anastazia, mdogo wake mama aliyeolewa Burundi, kwenye kituo cha muda cha wakimbizi upande wa Biharamulo, ana mtoto mgongoni. Malori yangewahamisha siku yoyote, na hakuna aliyejua wangepelekwa wapi. Baba mdogo alikuwa ameahidi kwenda kumchukua kesho yake alfajiri. Kwa miguu au kwa baiskeli asingewahi.

"Mtu asiguse kiki," alisema. "Imemeza maji. Ukiilazimisha sasa, unaivunja mifupa." Alifungua plagi, akaipindua pikipiki magurudumu juu, maji yakatoka kidogo kidogo. Akamwaga petroli yote. Oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Sifongo ya kuchujia hewa aliikamua, akaianika juu ya jani la mgomba. Jirani yetu Petro alipita akacheka. "Feliksi, mkeo hujawahi kumhudumia hivyo!"

"Mke wangu anajua kuogelea," baba mdogo akajibu bila kuinua kichwa.

Mchana aliisimamisha, tundu la plagi likiwa wazi ili injini ikauke, akapanda baiskeli kwenda Rulenge kutafuta oili mpya. Aliniachia kazi ya kufukuza mbuzi. Nilikaa nikiitazama. Tope lilikuwa limekauka kwenye tangi. Nikachota maji ya chemchemi kwa kibuyu, nikaiosha mara tatu kama mama alivyotaka. Ndipo nikaliona lile tundu. Maji ya mto yalikuwa yameingia na ndani, kwa hiyo ndani nako kulihitaji kuoshwa. Nikamimina. Mara tatu. Nakumbuka mlio wake, kama mtu anayekunywa akiwa na kiu.

Jioni baba mdogo alitia oili, akafunga plagi, akakanyaga kiki. Haikushuka. Alikanyaga tena kwa uzito wake wote, kitu kikalia ndani. Alipofungua plagi, maji yalimrukia kifuani. "Lakini niliikausha," alisema. "Niliikausha kwa mikono yangu mwenyewe." Akanigeukia. "Edita, kuna mtu aliyekuja hapa?"

"Hapana, baba mdogo." Na kweli hakuja mtu.

Mama alikuwa amesimama penye ua. "Ni mto huo," alisema. "Hauachii." Akarudi jikoni.

Fundi aliitengeneza kwa siku tatu. Baba mdogo alipofika kwenye kile kituo, alikuta majivu ya mafiga na kandambili moja. Malori yalikuwa yameondoka jana yake. Alizunguka kambi zote alizoweza, mwaka huo na uliofuata, akiuliza jina lile lile. Sikulia. Nilikwenda shule, nilichota maji, nilikula.

Sasa vijana wa bodaboda wanaosha pikipiki zao Ruvubuni huku redio zikilia, na watoto wanaogelea pembeni yao. Mwanangu ni mmoja wao. Akianza kuosha, nasogea kuangalia kama plagi imefungwa, na yeye hunicheka. Samaki wa mto watu wanakula. Mama hali. Amezeeka, macho yamefifia, na kila jioni namnawisha mikono kwa maji ya chemchemi, mara tatu. Wakati mwingine husema, "Mto ule ndio ulionichukulia Anastazia."

Nami humwagia maji na kumjibu, "Ndiyo, mama."