Dume Aliyekaguliwa Mwisho

Kwa ng'ombe, Lemayian wa nyanda za Handeni hakuwa na mpinzani. Majike wake wasiposhika mimba, hakuhangaika nao. Alianza na dume, na ikibidi akaazima wa jirani. Lakini ndoa yake na Naisula ilipokaa miaka bila mtoto, akili hiyo yote aliiacha zizini. Alisimama mbele ya boma zima, mchana kweupe, akatangaza kwamba mkewe ni tasa, kisha akamrudisha kwa baba yake. Wala haya hakuona.

Haya zilimkuta hospitalini Old Korogwe, alikokwenda kutafuta dawa ya mkojo uliokuwa ukimchoma. Daktari alimuuliza habari za watoto, akaagiza mbegu zake nazo zipimwe. Baadaye mpimaji, Mdoe, akamwita aweke jicho kwenye hadubini.

"Hivyo vidogo vinavyokimbia ni bakteria, kaka," Mdoe alisema. "Vinaogelea kwa mikia yao. Hizo kubwa zilizogandana ni mbegu zako. Bakteria hao wana protini inayonata; inazishika mbegu, hazifiki popote."

"Na mke wangu?"

"Yeye sijampima. Ninachokiona hapa ni chako. Mtameza dawa wote wawili, kisha tutapima tena."

Masikio yalimwaka moto. Vijidudu vilikuwa vinakwenda vizuri tu, uzao wake ndio uliokwama, na jina lililochafuliwa ni la nani? Ndani ya basi, dawa za wote wawili mfukoni, kutoka Segera mpaka kwa mkwewe hakuthubutu kumtazama abiria yeyote usoni.

Alimvuta mkwewe, mzee Kisemei, kando ya zizi, akamnong'oneza yote. Mzee alimwita binti yake naye asikie. Naisula alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi hukuninong'oneza," alisema. "Ulinitangaza. Nenda kaseme palepale, kwa sauti ileile."

Jamani, mwanamume aliyezoea kuita kundi zima la ng'ombe likageuka, siku ile sauti ilimgomea. Alisimama bomani mbele ya watu walewale, mama yake akiwa amekaa mbele, Naisula kando ya baba yake. Alikohoa, akaanza, akakwama, akaanza tena.

"Nimepimwa. Kasoro iko kwangu. Naisula nilimsingizia."

Mama yake, ambaye siku zote alimwita Naisula tasa, alijifunika shuka usoni. Lemayian alitamani ardhi ipasuke immeze.

Naisula alinyoosha mkono, akachukua dawa yake kutoka kwa Lemayian.

"Hii nitaimeza, maana ni afya yangu," alisema. "Habari ya kurudi kwako usiniulize leo."