Matanga Chini ya Mkuyu

Mti ulikuwa wake. Hilo sikulikataa wakati ule na silikatai leo. Lakini makinda hayakuwa yake.

Ilikuwa Bwera, mji wa mpakani, miaka ya sabini ikianza. Nilikuwa nauza mawese nyuma ya soko, katika chumba cha kupanga. Mwenye nyumba alikuwa Hajji mmoja mwenye malori, mtu wa swala tano, hana ugomvi na mtu. Uani palikuwa na mkuyu, na juu yake fundichuma wawili, wale ndege wa rangi ya udongo wenye kichwa kama nyundo, walikuwa wamejenga kiota kikubwa kuliko jiko langu. Vijiti, matope, hadi kitambaa changu cha kichwa walikiiba wakakipandisha huko. Sasa makinda yalikuwa ndani, tunayasikia yakililia chakula kila asubuhi.

Hajji akataka uwanja wa kugeuzia malori. Nilimwomba angoje makinda yaruke tu, kisha akate hata mizizi. Akacheka, akasema ndege ni ndege, watajenga kwingine. Eti kwingine. Mimi niliyekimbia Beni na mimba kubwa, nikaambiwa neno hilohilo na kila niliyemkuta njiani! Nilikasirika hadi mate yakanikauka. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi huyu baba, mwenye watoto tele, alikuwa ameusahau wapi?

Wakataji walipokuja, sikubishana nao. Nilitandika mkeka chini ya mkuyu, nikafumua nywele, nikajifunga kitenge kiunoni, nikakaa chini kama tunavyokaa penye msiba. Wanawake wa Butembo, wakimbizi kama mimi, wakaja na mikeka yao, tukaanza nyimbo za kanisani polepole. Pale Bwera, uwe Mkatoliki uwe Mwislamu, penye matanga hapapigwi shoka. Wakataji wakaweka mashoka chini, wakavua kofia. Wapita njia wakatupa pole, mmoja akaacha unga. Hakuna aliyeuliza kitu, kwa sababu msibani mtu haanzi na maswali.

Hajji alifika mbio, pindo la kanzu amelishika mkononi, akidhani amefiwa na mpangaji. Akachuchumaa mbele yangu, akatoa pole, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetutoka.

"Hakuna mutu alikufa, Hajji," nikamwambia, nikinyoosha kidole juu mtini. "Batoto beko huko juu, bazima. Tunangoja weye ubaue, ndiyo tulie vizuri."

Nyimbo zilikuwa zimenyamaza, na nusu ya soko ilikuwa imesimama pale. Hajji akainua macho kwenye kiota. Akainuka, akawaambia wakataji waende, atawaita.

Makinda yaliporuka nilikwenda mwenyewe kumpigia hodi, nikamwambia mti wake ni huo, akate. Akakata, nami nikabeba kuni kama wengine. Lakini hasira haikuniisha, na mpaka leo haijaisha. Mtu mzima, baba wa watoto, alihitaji msiba mzima uani kwake ndipo asikie mtoto analia njaa.