Simu Iliniambia Nina Mimba

Mimi ni bibi. Magoti yangu nikiinuka yanalia kama mlango usiotiwa mafuta, na meno yaliyobaki ni ya kutafunia maneno tu.

Basi asubuhi moja simu yangu ikaniambia nina mimba.

Sitanii. Meseji ilitoka kliniki ninakochukua dawa za presha. "Mama mjamzito, majibu ya vipimo vyako yametoka. Fika kliniki leo bila kukosa."

Nikavua miwani, nikaipangusa, nikasoma tena. Maneno yaleyale.

Nikatoka nayo uani. Jambo kama hilo huwezi kulicheka peke yako.

Seremala, jirani yangu wa ukuta mmoja, alicheka mpaka akaweka randa chini.

"Bibi, ulitufichia. Baba ni nani?"

"Si wewe? Nilikuwa nasubiri uje kujitambulisha."

Kumbe na yeye alikuwa na yake. Ameambiwa majibu ya mtoto wake yametoka, na seremala hana mtoto, hana mke, ana paka tu. Mama mjane wa nyumba ya mbele ndiye aliyetumaliza. Alikuja na simu mkononi, ameambiwa majibu ya tezi dume yake yako tayari.

"Hata marehemu mume wangu hakuwahi kupimwa hiyo," akasema. "Leo nimepimwa mimi kwa niaba yake."

Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Sisi watatu tunachukua dawa kliniki ileile, kwa hiyo tukasema mashine yao imelewa.

Nikaifuta ile meseji. Ilikuwa inanitazama vibaya.

Mchana akaingia mjukuu wangu. Tunamwita Kiroboto tangu utotoni, kwa sababu hakuweza kukaa mahali pamoja. Siku ile alikaa. Alijitupa kwenye kiti bila kuvua viatu, uso umemsawijika.

"Mke mwenzangu, kulikoni? Nani kafa?"

"Bado hajafa, Bibi," akasema. "Ila akifa, nimemuua mimi."

Kicheko kikanikauka mdomoni.

Nilijua Kiroboto anafanya kazi za kompyuta. Sikujua kuwa meseji za kliniki ni kazi ya mikono yake.

Nikamwambia hebu nieleze taratibu, mimi shule niliiacha kabla haijanizoea. Akachukua vikombe vitatu kabatini, kikubwa, cha kati na kidogo, akavipanga mezani.

"Taarifa za wagonjwa zinakaa kwenye ghala, tunaliita hifadhidata. Humo ndani tumeweka taratibu, kila moja na kazi yake, na moja inaiita nyingine. Huyu mkubwa kazi yake ni kutuma meseji. Lakini namba ya mgonjwa haijui. Anamwita wa kati. Wa kati anamwita huyu mdogo, ndiye anayejua pa kuchungulia. Mdogo akiipata namba anampa wa kati, wa kati anampa mkubwa. Umenielewa?"

"Kama kutuma mtu dukani, naye akatuma mwingine."

"Hapohapo. Sasa mkubwa anapomwita wa kati, lazima pawe na neno dogo la kumwambia, ulichopata nirudishie. Kwa wagonjwa wa dawa nililiandika. Kwa watu wanaosubiri majibu ya vipimo nikalisahau."

"Na wa kati asilalamike?"

"Ndio ubaya wake, Bibi. Halalamiki mtu. Wa kati kafanya kazi yote, kapata namba sahihi, kakaa nayo. Na mkubwa mkononi bado ana namba ya mgonjwa wa dawa aliyepita, basi anaitumia hiyohiyo. Kila kitu kinaonekana kimekwenda sawa."

Akakishika kikombe cha kati, kisha akasema polepole, "Kuna mama mjamzito mahali fulani anasubiri meseji iliyokuja kwako. Wakimwambia bila kukosa, ujue si majibu mazuri."

Sasa sikilizeni nilivyojifanya mwalimu.

Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mjukuu wangu, kutumwa si kufika. Kazi ya kutumwa haijaisha mpaka jibu limrudie mwenyewe. Wewe umelea watu wanaokwenda hawarudi."

Akainamisha kichwa. Machozi yakadondokea kwenye kile kikombe cha kati.

Nikajiona nimesema la maana.

Kiroboto alilala kwangu. Bosi wake alikuwa amemwambia, rekebisha kwanza, mengine baadaye. Kulipopambazuka nikamkuta mezani na kompyuta yake, macho mekundu kama ya mpuliza moto.

Hodi ikapigwa. Alikuwa muuza mboga, binti mmoja mpole anayepita na beseni mlangoni kwangu kila baada ya siku chache. Gauni pana, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo sinunui. Nina matatizo ya mjukuu humu ndani."

"Pole, Bibi. Hakuna habari yangu?"

"Hakuna, mwanangu. Nenda salama."

Akashika nguzo ya mlango kidogo, kama mtu anayehesabu pumzi. Akaomba maji, nikampa, akanywa, akaondoka.

Nikarudi kwa mjukuu wangu.

Haikupita muda Kiroboto akapiga meza. "Limeingia. Neno limeingia, Bibi. Natuma upya kwa watu wote."

Tukasubiri. Seremala akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta, "Leo wameniambia nikachukue dawa ya kifua. Wamenirudishia ukapera wangu." Mama mjane naye akapiga simu, amekumbushwa vidonge vyake. Kiroboto akatabasamu, mara ya kwanza tangu jana.

Simu yangu ikalia. Njoo uchukue dawa za presha. Alhamdulillahi.

Ikalia tena.

"Mama mjamzito, majibu ya vipimo vyako yametoka. Fika kliniki leo bila kukosa."

Nikampa simu. Aliisoma, akaisoma tena.

"Haiwezekani. Nimelitazama neno kwa macho yangu. Kumbe bado. Kumbe sijui kitu."

Akarudi kwenye kompyuta, akafungua, akafunga, akafungua. Mimi nikamtazama, uvumilivu wangu wote wa miaka ukaisha.

"Hebu acha kuiuliza mashine," nikamwambia. "Huko kliniki hakuna binadamu?"

Akanitazama kama mtu aliyezinduliwa. Tangu jana angeweza kumpigia nesi. Hakupiga, maana alikuwa na uhakika kosa ni lake. Hatia nayo ni kitambaa cha macho.

Nesi akapokea. Kiroboto akaweka sauti ya wazi, akamwomba atazame hiyo meseji ni ya nani. Tukasikia vidole vikigonga.

"Huyu ni yule binti muuza mboga," nesi akasema. "Presha yake iko juu sana na mkojo si mzuri. Tunamngoja tangu jana. Namba aliyoacha inaishia na tisa sita."

Tisa sita.

Hiyo ni namba yangu.

Nikakumbuka. Ilikuwa zamani kidogo, tumbo halijaonekana hata kidogo. Alisimama palepale mlangoni, akaniambia kwa aibu kuwa kliniki wanataka namba na yeye hana simu. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Waandikie ya kwangu, mwanangu. Kukiwa na habari yako nitakwambia."

Ndiyo maana kila akipita alikuwa anauliza. Miezi yote hiyo namjibu hakuna, kama mtu anavyoitikia salamu. Nilizoea swali mpaka nikasahau linauliza nini.

"Bibi," Kiroboto akanong'ona. "Mashine imesema kweli."

Na si leo tu, hata jana. Alinieleza baadaye kuwa wagonjwa wamepangwa kwa namba za simu, na mimi na yule binti, kwa kuwa namba yetu ni moja, tulikuwa tumefuatana. Kwa hiyo hata mashine iliyokosea ilinifikishia ujumbe niliostahili kuupokea. Mimi nikauchekea, nikaufuta.

Kisha akaja mlangoni mwenyewe, kwa miguu yake iliyovimba, akauliza. Nikamwambia hakuna.

Sikuvaa hata viatu sawasawa. Nilimpigia kelele seremala, akawasha kile kigari chake cha kubebea mbao, tukatoka. Kiroboto nyuma, mimi mbele, naomba kimoyomoyo.

Tulimkuta kwenye pembe ya barabara anapopanga mboga zake. Amekaa chini, kichwa juu ya magoti, nyanya zimesambaa na hakuna anayeziokota.

"Bibi," akasema, "naona nyotanyota."

Tukamkimbiza hospitali, wakampasua siku hiyohiyo. Mtoto alitoka kabla ya wakati wake, wa kike, mdogo kama kiganja na nusu. Wakamweka kwenye kisanduku cha joto. Mama akakaa siku mbili hatujui kama ni wetu au si wetu.

Siku ya tatu akafumbua macho. Akaniona.

"Ahsante, Bibi. Mmeniwahi."

Ningeweza kuipokea ile ahsante. Kiroboto alikuwa ameshabeba lawama zote kwa bosi wake, ameshapewa onyo. Hakuna mtu angeniuliza mimi chochote.

"Usinishukuru," nikamwambia. "Meseji yako ilikuja kwangu siku moja kabla. Niliicheka na majirani. Ukaja, ukaniuliza, nikakwambia hakuna."

Akageuza macho darini.

"Nilitaka kupita kliniki asubuhi ile," akasema. "Kichwa kilikuwa kinaniuma. Ila uliposema hakuna, nikasema basi, niko salama."

Hakulia, hakunitukana. Laiti angenitukana.

Kiroboto alinishika bega. Yeye naye alikuwa na lake, sikuwa na la kumfundisha tena.

Nesi akaingia. Akasema mtoto atabaki pale kwa wiki kadhaa, na wanahitaji namba ya kupiga kukiwa na lolote.

Yule binti akanigeukia. Nikatazama chini.

Akaitaja namba yangu. Kwa kichwa, tarakimu moja moja, mpaka tisa sita.

Tangu siku ile simu inakaa shingoni mwangu kwa kamba. Ikilia, naacha kila kitu, hata kama chungu kinaungua. Mtoto sasa ananenepa, na kila neno lake linamfikia mama yake kabla halijapoa. Lakini bado nikisikia hodi ya asubuhi moyo unaniruka.

Nanyi mliosoma hapa, nawaachia hili tu. Ukikubali kuwa sikio la mtu, kubali kuwa na mdomo wa kumfikishia pia.