Mikebe Kumi na Miwili ya Komanda

Kazi ya Siméon, kwa karatasi, ilikuwa pamba. Kwa miaka ishirini na mitatu alizunguka vijiji vya njia ya reli, kutoka Kalemie mpaka ng'ambo ya Niemba, akiwa moniteri wa kilimo, akiwafundisha watu kupanda kwa mstari hata msimu ambao mbegu zenyewe hazikuletwa. Ofisini aliitwa Citoyen, yaani Mwananchi, Kalenga, maana enzi hizo za Zaire majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Nyumbani na kanisani alibaki Siméon. Alikuwa na ugonjwa mmoja, nami nauita ugonjwa kwa sababu ndio uliomponza: hakuweza kupita mmea unaoumwa bila kusimama. Akialikwa kula kwa mtu, kabla ya kunawa mikono alikuwa amekwisha kugeuza majani ya muhogo wa mwenyeji na kuanza kuuliza maswali.

Komanda Ngoy aliugundua ugonjwa huo kule vilimani. Mwaka ule komanda alikuwa akikwea huko na askari wake kung'oa bangi za wanavijiji na kuzichoma hadharani, na Siméon alipelekwa nao ili athibitishe kwamba kinachochomwa ni bangi kweli. Moto ukiwaka, watu wamekusanyika na nyuso zimewashuka, yeye akasikika akinung'unika kwamba mashina yale yalikuwa yametunzwa vizuri sana, aibu kuyachoma. Askari wakacheka. Komanda hakucheka, alimtazama tu.

Wiki tatu baadaye gari ya jipu ya komanda ilisimama mbele ya ofisi ya kilimo. Siméon akapelekwa mlimani, kwenye mojawapo ya zile nyumba kubwa za zamani zinazotazama ziwa. Akapitishwa sebuleni, akapitishwa jikoni, akafunguliwa chumba cha nyuma ambacho dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa makaratasi magumu. Ndani kulikuwa na joto la tanuru. Taa nne za umeme zilining'inia darini, na hii ni wiki ambayo mitaa ya chini ililala giza siku tano. Chini ya taa ilipangwa mikebe kumi na miwili ya mafuta ya kupikia, na katika kila mkebe mche wa bangi, majani ya chini manjano, ya juu yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

"Njo hizi, Moniteri," komanda akasema. "Zilianza muzuri. Sasa zinakufa na sijue juu ya nini. Leta karte yako."

Siméon akatoa kitambulisho chake. Komanda akakitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Zikipona, utaipata. Zikikufa, nitasema ni zako, nilizikamata kwako. Nani atabisha?"

Hakuna ambaye angebisha. Bila kitambulisho mtu hakuweza hata kuingia stesheni, na Siméon alikuwa na safari. Binti yake Denise alikuwa anaolewa kijijini kwao, Niemba, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwa ukoo wao, baba akiwa hai hakuna mwingine wa kumshika binti mkono na kumtoa nje kwa wakwe. Si mjomba, si kaka. Baba asipotokea, wakwe wanajua wamekataliwa, wanaondoka na watu wao. Treni ya kumfikisha ilikuwa moja, ya Alhamisi. Alikuwa na siku kumi na sita.

Alipewa kitanda katika kijumba cha uani na kuambiwa asivuke geti. Nyumbani kwake ukapelekwa ujumbe kwamba yuko misioni, yaani safari ya kikazi. Siku ya kwanza alizunguka ile mikebe kwa hasira, akijiapiza kwamba hatagusa kitu. Ilipofika saa nne alikuwa amepiga magoti, kidole kimezama udongoni.

Udongo ulikuwa tope. Hapo akashangaa, kwa sababu mche uliolegea hivyo humdanganya mtu: ukiutazama unadhani una kiu. Akainua mkebe na kuupindua. Chini hapakuwa na tundu hata moja. Akautoa mche na udongo wake, mizizi ikamtokea rangi ya kahawia, inanuka kama maji ya chombo kisichooshwa. Juu ya udongo kulikuwa na ukoko mweupe, na alipoukwaruza akakuta vichwa vya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Nani anamwagilia hizi?" akamwuliza Damien, askari wa mlangoni.

"Mimi, Papa. Asubui. Komanda aliniambia zikikauka nitaona."

Mke wa komanda, Mama Christiane, alikuwa amesimama na beseni mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kitambaa kilichovutwa chini upande mmoja wa uso. Akasema polepole, "Na mimi naongezaka midi, saa sita. Niliona zimelala, nikaogopa atasema sikuziangalia."

Komanda mwenyewe, ikajulikana, alikuwa akimimina ndoo nzima kila jioni, maji ya ziwani, ambayo watu wa Kalemie wanayanywa na kuyafulia bila neno, lakini mche uliofungiwa mkebeni huyachukia kwa magadi yake. Juu yake akasaga ndagala za chumvi, kwa kuwa kuna mtu alimwambia samaki ni mbolea. Basi nyumba nzima ilikuwa inamwagilia kwa hofu, kila mmoja kwa siri ya mwenzake, na mwenye kutisha wote akimwagilia kuliko wote. Siméon alitaka kucheka. Halafu akakumbuka kitambulisho kiko wapi, kicheko kikamkauka.

Alimwambia komanda ukweli nusu, bila kumtaja aliyezidisha maji: mikebe haina matundu, na kuanzia leo asiguse mtu maji ila yeye Siméon. Akatoboa vitako vya mikebe kwa msumari, akachanganya udongo na mchanga, akakata mizizi iliyooza, akaweka pipa chini ya paa kukinga mvua. Kisha akangoja bila kumwagilia, siku nne nzima, jambo lililomtoa komanda jasho.

"Mbona ile ya njano haibadilike?"

"Jani likisha kuwa njano, Komanda, haliwezi kurudilia. Angalia ile ndogo ya juu."

Na kweli, siku ya tisa vijani vya juu vilisimama, kijani kibichi. Siméon akafurahi, na furaha ile ikamchoma, maana alielewa anachokifanya: kadiri anavyoponya ndivyo anavyokuwa mali ya nyumba. Daktari mzuri wa komanda haruhusiwi kwenda kwao. Ndipo akapata shauri la kumfundisha Mama Christiane. Kidole mpaka kiungo cha pili, Mama; kikitoka kikavu, upe mche kikombe kimoja cha maji ya mvua; kikitoka na udongo, uache. Alijifunza upesi. Wakifanya kazi Siméon alimsimulia habari za Denise, rangi ya kitambaa alichonunuliwa, na jinsi wakwe wanavyotoka mbali, Ankoro. Yule mama alisikiliza na kuuliza maswali mengi. Ilikuwa dhahiri hakuna mtu aliyezungumza naye hivyo kwa muda mrefu.

Jumatano komanda aliingia, akatazama, akampigapiga Siméon begani.

"Mama amesha kujua kazi. Kesho asubui nakupa karte, unaenda kuoza mutoto yako."

Alhamisi alfajiri ilipopambazuka Siméon alikuwa amekwisha kuvaa koti. Akaingia chumbani kuaga mimea, ugonjwa wake ule ule. Mikebe sita ilikuwa imefurika. Majani yamelala kabisa. Akaupindua mmoja: matundu yote yamezibwa kwa sabuni, imeshindiliwa kwa kidole, moja moja.

Aligeuka. Mama Christiane alikuwa nyuma yake, na safari hii hakuwa na kitambaa usoni. Uso ulikuwa mzima, pande zote mbili.

"Wiki mbili hajanipiga," akasema. "Anaona haya mbele yako, Papa. Ukienda, ataanza tena. Nilijua habari ya harusi. Nilijua na nilifanya tu."

Siméon alihisi chuki ambayo hakuwahi kuihisi kwa mtu, wala kwa komanda. Alitaka kumpiga, yeye ambaye hakuwahi kumpiga hata punda. Neno moja tu lilitosha: amwonyeshe komanda sabuni, achukue kitambulisho, akimbilie stesheni. Viatu vya komanda vilikuwa vinakuja ukumbini. Mwanamke yule hakukimbia wala hakumsihi. Alifumba macho tu, akainua bega moja kidogo kukinga sikio, bila hata kujua kwamba ameliinua.

Komanda akasimama mlangoni, kitambulisho mkononi.

"Nini hii?"

"Ni mimi, Komanda," Siméon akasema. "Jana nilizidisha maji. Nilikuwa na haraka ya safari."

Komanda aliitazama mikebe, akamtazama yeye, akarudisha kitambulisho mfukoni na kufunga kifungo. "Basi haraka imekwisha," akasema, akaenda zake.

Siméon akavua koti. Akachukua msumari, akakaa sakafuni, akaanza kuchokonoa sabuni. Alimchukia yule mwanamke kwa muda wa mkebe mmoja, na wa pili. Kwenye wa tatu hakuwa tena na nguvu za kuchukia, alikuwa analia. Mama Christiane akapiga magoti upande wa pili wa mkebe, akaushika usitikisike. Huko chini treni ikapiga honi, ikapiga tena.

"Na Denise?" mama akamwuliza.

"Watangoja," Siméon akajibu, na alijua hawatangoja.