Shavu la Kushoto

Mwaka ule mashine za kuchuma chai zilipoletwa kwa wingi katika mashamba ya upande wetu wa Kericho, chumba changu hospitalini kilijaa wachumaji. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya vyandarua zamani, na dirishani mtu hakuona kitu ila chai. Walikuja na malalamiko yale yale: hawalali, chakula hakipiti, wanalia bila kupigwa. Mashine moja hubebwa na watu wawili na kufanya kazi ya kundi zima, kwa hiyo kilichowaliza hakikuhitaji mganga wa kupiga ramli.

Mimi ni mwanasaikolojia. Si daktari wa dawa, lakini huku kwetu kila anayekaa nyuma ya meza hospitalini huitwa daktari, nami sikuwahi kumsahihisha mtu. Ni mtoto wa kambi pia. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuma chai, na mama alinilea kikapu kikiwa mgongoni. Basi nilijiona nimesoma mara mbili, chuoni na kambini. Wanafunzi waliotumwa kwangu kujifunza kazi niliwaambia kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Kufikia wiki ya tano ya mashine, nilikuwa nikiwamalizia wagonjwa sentensi zao. Wakiitikia kwa kichwa, nilichukua kule kuitikia kuwa ushahidi.

Hapo ndipo alipoletwa mzee mmoja, Mkipsigis wa Chebunyo, miaka hamsini na kitu, aliyechuma chai tangu ujana wake. Mkewe alikuja naye. Mzee alinisalimu, “Chamgei,” nami nikamjibu kwa lugha yake, maana nilipenda watu waone kwamba ninaijua. Nilipomtazama niliona jambo moja mara hiyo: shavu lake la kulia lilikuwa limenyolewa vizuri, la kushoto lilikuwa na ndevu za wiki mbili. Nikaandika kwenye faili: “Hajijali. Amekata tamaa.” Nilifurahi hata, jinsi nilivyoliona haraka.

“Daktari, huyu mzee amebadilika,” mkewe alisema. “Akiwa kwa laini anachuma chai upande moja, ile ingine anaacha majani imesimama tu. Nyapara amemgombeza mpaka amechoka. Hata ugali anakula nusu, ile nusu ingine ananiuliza iko wapi.”

“Mimi niko sawa,” mzee akasema kwa upole. “Ni hawa wananisumbua.”

“Ilianza lini?” nikauliza, kalamu ikiwa tayari imeshaandika jibu.

“Ilianza kabla mashine zikuje. Wakati tulikuwa tunavuna mahindi.”

“Mama,” nikamwambia, nikitabasamu vile tunavyofundishwa kutabasamu, “si ni baada ya mashine? Hawa wote ninaowaona hapa ilianza baada.”

Alitazama sakafu. Nilimwona akihesabu miezi kwa vidole juu ya mkoba wake, halafu akaviacha vidole vile. “Labda ni baada,” akasema. “Wewe ndiye daktari.”

Niliandika: “Mke anachanganya miezi.”

Ninayaeleza haya polepole kwa sababu yalipita haraka sana. Kwetu mtu mzima hambishii daktari, mwalimu wala mchungaji usoni. Atakubali, aende zake, na ukweli wake aubebe kurudi nao nyumbani. Hili nililijua. Nililelewa na mwanamke aliyemwitikia kila nyapara kisha akaja kusema ya moyoni jikoni. Na bado, siku ile iliponifaa, niliuchukua unyenyekevu wa mama wa watu nikauita ukweli.

Mzee alikuja kwangu mara sita. Tulizungumza kuhusu kazi, kuhusu mwanamume kukosa cha kubeba nyumbani, kuhusu kumwachia Mungu. Kila mara nilipomuuliza hali alisema yuko sawa, nami nikaandika kwamba anaendelea vizuri. Kwenye semina moja mjini Bomet nilimtolea mfano, bila kumtaja jina, wakanipigia makofi. Jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa sifa, nikamwambia mke wangu kwamba kazi hii ni kipawa.

Baada ya hapo hakuja tena, nikadhani amepona. Kumbe alikuwa amerudishwa kwao Chebunyo, na huko akawa anajigonga bega la kushoto kwenye nguzo ya lango kila alipoingia. Asubuhi moja alianguka akikamua ng'ombe, mwili ukamtetemeka, povu likamtoka. Wakamkimbiza hospitali ya Longisa, na kutoka huko akatumwa kupigwa picha ya kichwa. Palikuwa na uvimbe mkubwa upande wa kulia wa ubongo. Sehemu ile ndiyo humfanya mtu aujali upande wake wa kushoto. Macho yake yalikuwa mazima, lakini upande ule wa dunia ulikuwa umemfutika, asijue hata kwamba umefutika. Ndiyo maana alisema yuko sawa, na kwa kadiri yake alisema kweli.

Daktari aliyempokea, binti mdogo kwangu kwa umri, alinipigia simu.

“Nimesoma faili yako,” alisema. “Uliandika kuhusu shavu.”

“Niliandika.”

“Ulifikiri nini?”

“Kwamba amekata tamaa.”

“Mtu akikata tamaa,” akasema, “si huacha ndevu pande zote mbili?”

Nilimuuliza kama angepona iwapo ningemtuma mapema. Alisema hajui, uvimbe wa aina ile ni mbaya, labda angepata miezi zaidi, labda mwaka, labda asingepata kitu. Nimeshikilia ile “labda” kila upande, na hakuna upande unaoshikika. Nikasema ningependa angalau aniambie mimi ni mjinga. Akaniambia ana wagonjwa wanaosubiri.

Nilikwenda Chebunyo kumwona. Alikuwa amelazwa sebuleni, kichwa kimefungwa kitambaa. Niliketi kwenye kiti nilichopewa, nikamsalimu, naye akaanza kunitafuta kwa macho kwenye ukuta wa mbali, kwa sababu kiti kilikuwa upande wake wa kushoto. “Daktari amekuja?” alimuuliza mkewe. Nilihamisha kiti.

Alipopata usingizi mkewe alinisindikiza hadi langoni. Alishika kingo za leso yake akasema, “Daktari, unisamehe. Mimi ndiye nilikuchanganya. Nilisema ni baada, na ilikuwa ni kabla. Shemeji zangu wanasema kama si mdomo yangu, mzee angetibiwa mapema. Ni ukweli.”

Nilikuwa na neno moja tu la kusema pale, kwamba kosa ni langu. Watu walikuwa barazani wakitutazama, kaka zake mzee, watu warefu wenye fimbo. Niliogopa. Nikamwambia, “Usijali, mama.”

Yaani nilimsamehe. Alinishukuru, “Kongoi, daktari,” akarudi ndani akiwa amenyooka kidogo. Katika mambo yote niliyofanya katika kazi hii, hilo ndilo linaloniondoa usingizini, si shavu.

Mzee alikufa kabla mvua hazijaanza. Sikwenda kuzika. Nilisema nina wagonjwa, na kweli walikuwepo, lakini sikumsikiliza hata mmoja.

Siku hizi ninafanya kazi kwa namna nyingine. Mgonjwa akiingia nanyamaza mpaka amalize, na tarehe zake naziandika alivyozisema. Nikishapata wazo la kwanza naliandika juu ya karatasi, na chini yake najiuliza: kama wazo hili ni la uongo, ningeona nini? Halafu nakitafuta hicho kabla ya kingine chochote. Wanafunzi wananiona mzee msumbufu. Mmoja aliniuliza kama si kupoteza muda, na nilimfokea mpaka nikaona haya, maana aliyestahili kufokewa vile ni mimi. Lakini kubadili namna ya kuandika hakukumfikia mtu wa Chebunyo. Mwanamke alikuwa kule anaishi na kosa langu, analila na kulilalia, katikati ya boma la watu walioliamini.

Nilichukua muda mrefu kupata moyo. Siku nilipokwenda, nilimkuta anapepeta maharagwe peke yake. Sikukaa.

“Mama,” nilimwambia, “siku ile ya kwanza ulisema ilianza kabla ya mashine. Ulisema wakati wa kuvuna mahindi. Ulisema sawa. Mimi ndiye nilikugeuza. Halafu uliponiomba msamaha hapo langoni, nilijua, na nikanyamaza.”

Aliendelea kupepeta kidogo, kisha ungo ukasimama.

“Nilisema kabla?”

“Ulisema kabla. Mimi nikaandika kwa mkono wangu kwamba unachanganya miezi.”

“Mimi nilikuwa naanza kuona hata akili yangu imeharibika,” alisema. “Nikikumbuka kitu, naambiwa si hivyo, naacha.” Alilia bila sauti, nami nililia pia, ingawa sikuwa na haki ya kulia mbele yake. Nilitarajia anifukuze, na ingekuwa afadhali.

Alijifuta uso kwa leso, akasimama. “Usiende,” akasema. “Wacha niite shemeji zangu.”

Walikuja watatu, wakasimama uani bila kunipa mkono. Nilirudia yote: mahindi, mashine, alichosema yeye na nilichosema mimi. Hakuna aliyenisaidia. Nilipomaliza, yule mkubwa wao, ambaye masikio yake ni mazito, aliinama kwa mdogo wake akauliza nimesema nini. Mdogo akafungua kinywa amweleze.

“Hapana,” mama alimkatiza. Akanigeukia. “Sema tena, daktari. Sema kwa nguvu.”

Nikasema tena.