Shikamoo kwa Simu

Kazi yangu ya mshahara iko maabara: nachunguza kwa nini kinga ya mwili wakati mwingine inamgeukia mwenye mwili. Majirani zangu wa Mabibo wanadhani natibu mafua, nami nimechoka kuwarekebisha. Jumamosi mchana najitolea katika chumba kimoja Kinondoni, kupokea simu za watu waliokata tamaa.

Tulifundishwa huko tusiulize habari. Mtu wa kwetu ukimuuliza habari atasema nzuri hata kama nyumba inaungua, na akishasema nzuri anaona haya kurudi nyuma. Nikaona ni akili kubwa.

Lakini kulikuwa na mzee mmoja wa Temeke. Alipopiga mara ya kwanza, sauti yake ilikuwa ya mtu mzima mno, shikamoo ikanitoka yenyewe. "Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha akaniambia amechoka kuishi. Nilipomuuliza zaidi, akajibu, "Hamna neno, mie mzima tu," akakata. Kila Jumamosi ikawa hivyo: shikamoo, marahaba, mzima tu, basi. Namba za wanaopiga hatuzioni, kwa hiyo nisingeweza kumtafuta. Nilimhofia vibaya sana. Maabara, seli iliyoharibika naitia rangi nikaiona. Huyu nilikuwa na pumzi zake tu sikioni.

Msimamizi wetu akasema salamu ndiyo inayomziba mdomo. Akaniagiza niiache, niende moja kwa moja kwenye shida.

Jumamosi iliyofuata aliposema haloo nikaitambua sauti yake, nikasema, "Karibu, baba. Nakusikiliza."

Nikasikia muziki wa singeli wa jirani yake kwa mbali.

"Leo hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, baba," nikasema upesi.

Hakuitikia. Akaeleza, bila hasira, kwamba mkewe amefariki, watoto wako mbali, na wapangaji wenzake wanampita mlangoni na hedifoni masikioni. "Tangu naamka mpaka nalala hakuna anayenisalimia. Nilikuwa napiga ili niitikie tu. Hayo mazungumzo yenu mie siyawezi."

"Shikamoo, baba," nikarudia. Nilikuwa karibu kulia.

"Haya, mama. Endelea na kazi yako." Akakata.

Msimamizi akanisifu kwamba hatimaye mzee amefunguka. Nilitamani kumtupia ile simu.

Miezi imepita na mzee hajapiga tena. Wenzangu wanasema pengine amehama, pengine watoto wamemchukua. Inawezekana. Mimi siamini.

Bado naenda. Sasa kila simu ikilia naanza na shikamoo, na sheria yao wakae nayo wenyewe. Wengi wanaopiga ni vijana, wanaona aibu: "Sista, mie mdogo kwako." Nawasikiliza, maana shida zao ni za kweli. Ila nikishasalimia nanyamaza kidogo, nikisubiri marahaba, na haiji.